Saa hasi, ng'ombe aliyekatwa vipande na leseni iliyosahauliwa

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoandika programu ndogo jioni, kazi nyingine zikiisha. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali, kwa hiyo asikasirike aliyepata mistari michache.

Saa yangu inaandika "saa -3"

*Nimeandika programu ya saa za Kiswahili kwa JavaScript. Natoa 6 kwenye saa ya kizungu, kisha nachukua baki la kugawa kwa 12. Mchana inakwenda vizuri. Usiku saa tisa inaandika "saa -3", na asubuhi saa kumi na mbili inaandika "saa 0". Rafiki yangu ametumia kanuni ileile kwa Python na hapati hasi. Kosa liko wapi? – Fundi simu, Tanga*

Kosa liko kwenye alama ya %. Katika JavaScript, C na Java, baki hufuata alama ya namba inayogawanywa: -3 % 12 ni -3. Katika Python hufuata alama ya kigawanyo, kwa hiyo -3 % 12 ni 9. Ndiyo maana rafiki yako amepona bila kujua amepona nini.

Usitoe 6. Jumlisha 6. Kwenye duara la saa 12, kurudi nyuma hatua sita na kwenda mbele hatua sita hufika mahali pamoja, na ukijumlisha hasi haitokei kamwe, lugha yoyote ile:

`const s = (saa + 6) % 12 || 12;`

Kile kipande cha mwisho, `|| 12`, ndicho kinachogeuza 0 kuwa 12. Pima kwa saa nne tu: 0 itoe 6, 3 itoe 9, 6 itoe 12, 13 itoe 7. Zikipita hizo, zote zimepita.

Sasa kuna mtego ambao hujaufikia bado: kasorobo. Dakika zikiwa 45 unataja saa inayokuja, si iliyopo. 8:45 ni saa tatu kasorobo. Ongeza 1 kwenye saa *kabla* ya kujumlisha 6, si baada ya kupata jibu, la sivyo saa moja kasorobo itatoka "saa kumi na tatu kasorobo". Sehemu ya siku nayo ifuate saa uliyoitaja: 11:45 ni saa sita kasorobo mchana, ingawa saa yenyewe bado ni 11. Saa 18:45 ina ubishi, wako watakaosema jioni na wako watakaosema usiku; chagua moja na usonge mbele. Mgawanyo tunaoupendekeza kwa saa ya kizungu ni huu: 4 na 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, na zilizobaki usiku.

Wapo wanaokwepa hesabu zote kwa kurudisha kanda ya saa ya programu nyuma saa sita, yaani UTC-3 badala ya UTC+3. Usifanye hivyo. Saa itaonekana sawa, lakini kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi tarehe itakuwa ya jana. Kosa la namna hiyo hukaa muda mrefu bila kuonekana, kwa sababu mwandishi wake huwa amelala. Hifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, igeuze kwa kanda halisi ya msomaji (Dar es Salaam na Nairobi +3, Kigali na Lubumbashi +2, Muscat +4), na hesabu ya Kiswahili iwe hatua ya mwisho kabisa, ya kuonyesha tu.

Na kama programu itaandika siku pamoja na saa, epuka "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi wa pwani, huo ni usiku unaotangulia Ijumaa, kwa kuwa siku huanza magharibi. Kwa wa bara ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna maana mbili.

Neno "ombe" limetoka wapi?

*Nahesabu maneno yanayojirudia kwenye hadithi nilizozikusanya. Natumia Python na ruwaza ya kutafutia maneno, `\w+`. Kwenye orodha naona "ng" mara 61 na "ombe" mara 40. Pia nataka baadaye kutengeneza kikagua tahajia kutokana na orodha hiyo. – Mwanafunzi, Iringa*

Ng'ombe wako amechinjwa kwenye kibainishi. `\w` inakubali herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ile alama ya ng' haimo. Tena alama yenyewe ina sura zaidi ya moja. Kibodi ya kompyuta hutoa ile iliyonyooka, ambayo namba yake kwenye mfumo wa Unicode ni U+0027. Simu nyingi na programu za kuandikia barua huibadilisha kuwa iliyopinda, U+2019. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, kwa hiyo hata ukitengeneza ruwaza vizuri utapata "ng'ombe" wawili wasiojuana. Fanya mambo mawili kwa mpangilio huu:

`matini = matini.replace("\u2019", "'").lower()`
`maneno = re.findall(r"\w+(?:'\w+)*", matini)`

Ng'ambo, ng'oa na ng'aa watarudi pamoja naye. Mfumo wa Unicode unayo pia U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi na haikatwi na `\w`. Ni nzuri kwa kuhifadhi, lakini hakuna atakayeiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa hiyo sisi hatuitumii.

Kuhusu kikagua tahajia: orodha ya maneno haitatosha, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua kitenzi kimoja, *soma*. Viambishi vya nafsi na ngeli vyenye sura tofauti ni kama 15. Chukua njeo na hali saba tu: na, li, ta, me, ki, nge, ngali. Weka nafasi ya mtendwa yenye sura 14 au kuachwa tupu, jumla 15. Zidisha: 15 × 7 × 15 ni 1,575. Baadhi hazisemeki, ni kweli, lakini bado hujagusa ukanushi, virejeshi, wala *somea, somesha, someka, somwa*. Hadithi zako zote hazitakuwa na hata robo ya hizo, na kikagua kitaweka mstari mwekundu chini ya Kiswahili sanifu.

Hunspell, injini huria ya kukagua tahajia iliyomo ndani ya LibreOffice na Firefox, ilitungwa kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayorundika viambishi mwishoni. Inaweza kuvua viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja, au ukiigeuza, awali viwili na tamati kimoja. Sisi tunarundika mbele vitatu bila kutoka jasho. Kwa mradi wa nyumbani, andika ruwaza ya viambishi kwa mfuatano, kisha mashina kama 2,000 kwenye faili la kawaida, na ukague kama neno linagawanyika kwa njia yoyote inayokubalika. Kumbuka kwamba *m* hugeuka *mw* mbele ya irabu (anamwona). Usitegemee mgawanyo mmoja tu pia: "alimwaga" ni aliyemwaga maji na ni aliyemuaga mgeni. Kwa tahajia haidhuru, neno ni sahihi kwa vyovyote. Kwa kuhesabu maana, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kitabu imefutwa

*Natafsiri kwa Kiswahili programu huria ya maktaba za shule, kwa kutumia Poedit, programu ya kuhariri faili za tafsiri. Kuna mstari mmoja, "%s deleted" (%s hujazwa jina la kitu), unaotumika kwa kitabu, mwanafunzi, kadi na azimo (rekodi ya kitabu kilichoazimwa). Nikiandika "%s imefutwa" napata "Kitabu imefutwa" na "Mwanafunzi imefutwa". Na je, niandike tarakilishi au kompyuta? – Mwalimu, Mombasa*

Shikamoo mwalimu. Waliotunga mstari ule walidhani kitenzi hakijali nomino iliyo mbele yake. Kwa ngeli zetu hilo haliwezekani, na hakuna neno moja litakaloweza kukaa hapo. Una njia tatu.

Iliyo bora ni kuwaomba wenye programu waivunje iwe mistari minne, mmoja kwa kila kitu. Wengi hukubali ukiwaeleza kwa mfano, kwa sababu Kifaransa na Kiarabu pia huumia hapo. Ya pili ni kuleta nomino yako mwenyewe ibebe upatanisho: "Kipengee kimefutwa: %s". Ya tatu ndiyo tunayoipenda, kwa sababu Kiswahili kinaitoa bure: tumia kitenzi-jina. "Kufuta %s kumekamilika." Upatanisho unashikwa na *kufuta*, na kinachofutwa kinaweza kuwa cha ngeli yoyote. Hufaa pia kwa makosa: "Kufungua %s kumeshindikana."

Wingi una mahali pake. Kichwa cha faili lako kiwe na `nplurals=2; plural=(n != 1);` kisha Poedit itakupa visanduku viwili. Cha kwanza "Faili %d imefutwa", cha pili "Faili %d zimefutwa". Kwa kanuni hiyo sifuri huenda kwenye wingi, na "Faili 0 zimefutwa" ndivyo tusemavyo. Lakini amua mapema kama *faili* ni ya I-ZI au LI-YA, uandike uamuzi huo kwenye maelezo ya juu ya faili la tafsiri. Tafsiri nyingi za kujitolea hazina kosa la msamiati. Zina watafsiri watatu walioweka faili kwenye ngeli mbili.

Mambo mengine yatakayokukwaza: neno "Open" kwenye kitufe ni *Fungua*, lakini kwenye safu ya hali ya azimo ni *Wazi*. Kama yote mawili yako kwenye mstari mmoja bila `msgctxt`, yaani lebo ya muktadha, omba litenganishwe. Mistari yenye alama ya "fuzzy" haiingii kwenye programu hata ukiwa umeijaza; ndiyo sababu watu huona visanduku vimejaa kwenye Poedit na bado skrini ina Kiingereza. Ithibitishe tafsiri, uondoe alama. Kabla ya kutuma, endesha `msgfmt --check -o /dev/null sw.po`. Itakuonyesha mahali ulipoangusha %d, jambo linaloweza kuiangusha programu nzima na si tafsiri yako peke yake.

Kompyuta. Mwanafunzi asome anachokisema. Tarakilishi ni neno zuri na linajulikana madarasani Kenya, ila anayetafuta kitufe hapaswi kusimama kutafakari. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, na tangu wakati huo tatizo halijawa uhaba wa maneno. Ni neno moja kupewa kazi nyingi. *Hifadhi* leo hubeba kuweka, kutunza nakala, kupeleka kwenye makavazi, na hata ghala la msimbo. Liache libebe kazi moja tu, ya kitufe cha kuweka ulichoandika. Nakala ya tahadhari iite *nakala rudufu*, zilizowekwa kando ziite *makavazi*.

Shilingi moja ya kikoba, na leseni

*Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Nimeandika programu ya kugawa faida na mara nyingine inatoa namba kama 0.30000000000000004. Pili, wenzetu wa vikundi vingine wanaitaka. Nikiiweka mtandaoni bila kuandika leseni si itakuwa ya wote? Na mtu akiiuza? – Mwanza*

La kwanza ni fupi. Kompyuta huandika sehemu za kumi kwa mfumo wa namba mbili, 0 na 1, na 0.1 haiandikiki kamili huko, kama vile theluthi isivyoandikika kamili kwa desimali. Fedha ziwe namba kamili: shilingi nzima, au senti kama mnazihesabu. Kugawa nako kunataka uamuzi: 100,000 kwa watu watatu ni 33,333 kila mmoja, na shilingi 1 imebaki. Programu isiimeze. Iandike kwenye mfuko wa kikundi, ionekane, kwa sababu siku jumla zisipolingana kwa shilingi moja mtu atauliza, na atakuwa na haki.

La pili: hapana, bila leseni haiwi ya wote. Inakuwa yako peke yako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999, kama ile ya Kenya ya 2001, inalinda programu za kompyuta tangu zinapoandikwa, bila kusajili. Wenzako wakiichukua bila ruhusa ya maandishi hawana haki ya kuinakili wala kuibadilisha, hata kama umeianika hadharani.

Chagua leseni moja kati ya hizi na uiweke kwenye faili liitwalo LICENSE, folda ya juu kabisa, pamoja na mwaka na jina lako. MIT ni fupi na inaruhusu kila kitu, ilimradi jina lako na maandishi ya leseni yabaki. Apache 2.0, ya 2004, inaongeza ruhusa ya hataza. GPL ya tatu, ya 2007, inasema anayesambaza programu iliyobadilishwa awape wapokeaji msimbo wake kwa masharti yaleyale. AGPL inaziba tundu moja la GPL: anayeibadilisha na kuiweka kwenye seva watu waitumie kwa mtandao naye awape watumiaji hao msimbo.

Zote zinaruhusu kuuza. Ukiandika "isitumike kibiashara" umetoka kwenye ufafanuzi wa programu huria uliowekwa na Open Source Initiative, na zaidi ya hapo umejifunga mwenyewe: je, kikundi kinacholipa mhasibu wa kutwa ni biashara? Kwa programu ya vikoba inayokaa kwenye seva, tungechagua AGPL. Atakayeiuza atalazimika kuuza huduma yake, si kukufungia nje ya kazi yako. Kwa kipande kidogo, mathalani ile hesabu ya kugawa faida, MIT inatosha.

Tahadhari mbili. Kama ulinakili mistari kutoka programu ya GPL, huwezi kuipa yako MIT. Na ukishapokea msimbo wa watu wengine, kubadilisha leseni kunataka ridhaa ya kila mmoja wao, kwa hiyo amua sasa ungali peke yako.

Nimeanika ufunguo

*Nimekomiti faili la .env, la siri za programu, lenye ufunguo wa boti yangu kwenye ghala la msimbo la wazi. Nimelifuta na kukomiti tena. Inatosha? – Nairobi*

Haitoshi. Historia ya Git, zana inayotunza matoleo yote ya msimbo, bado inalo. Anza kwa kuubatilisha ufunguo kule ulikoupata na kutoa mpya. Fanya hivyo sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma, maana kuna roboti zinazopekua maghala ya wazi usiku na mchana. Kisha weka `.env` kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git izipuuze, ukijua kwamba .gitignore haifanyi kitu kwa faili ambalo Git tayari inalifuatilia. Hilo linataka `git rm --cached .env`. Kama unataka kusafisha historia, chukua nakala mpya ya ghala na uendeshe `git filter-repo --path .env --invert-paths`. Itakuondolea makusudi kiungo cha origin, yaani cha ghala lililo mtandaoni. Kirudishe, kisha `git push --force --all`. Waliokwisha kunakili bado wanalo lile la zamani. Ndiyo maana kubatilisha kunatangulia.

Maktaba 40 kwa mistari 200

*Programu yangu ina mistari 200 na inavuta maktaba 40 za watu. Ni sawa? – Arusha*

Inategemea maktaba zinafanya nini. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake, left-pad, kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya neno, na miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa siku hiyo. Kitu cha mistari 11 andika mwenyewe. Kwa upande mwingine, usiandike mwenyewe usimbaji fiche, kanda za saa, wala kusoma faili za CSV, ambazo huonekana rahisi mpaka mtu aweke mkato na mstari mpya ndani ya alama za nukuu.

Umaarufu si kinga. Machi 2024 ilibainika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana faili, yamewekewa mlango wa siri, na aliyeugundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa tu kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Funga matoleo kwa faili la lock, linaloandika toleo kamili la kila maktaba, usisasishe siku ya kutoka, na soma orodha ya mabadiliko hata kwa kuipitia juujuu.

Ukimya nao si kifo. Maktaba ndogo isiyoguswa miaka minne huenda imemaliza kazi yake. Mradi mdogo pia hauna haja ya kuwa na aibu: curl ya Daniel Stenberg, zana ya kuvuta data mtandaoni iliyopata jina hilo mwaka 1998, ilitokana na haja ya kuvuta viwango vya kubadilisha fedha kwa ajili ya boti ya soga.

Kiraka changu hakijajibiwa

*Nimetuma marekebisho kwa mradi mmoja, miezi miwili kimya. – Kisumu*

Angalia kwanza kama mradi unapokea kazi za nje. SQLite, programu ya hifadhidata, kwa mfano, imo kwenye milki ya umma na yeyote anaweza kuitumia, lakini kwa kawaida haipokei msimbo wa wageni. Kama wanapokea, tazama ukubwa: marekebisho ya hitilafu, kupanga upya nafasi na kubadilisha majina ya faili katika kifurushi kimoja hayasomeki. Yagawe. Tuma lile la hitilafu peke yake, na jaribio linaloshindwa kabla yake na kufaulu baada yake. Ukikumbusha, kumbusha mara moja. Wakati unasubiri, tumia tawi lako mwenyewe, leseni imekuruhusu.